Kufundisha udaktari wakati wa mlipuko: kipi kiende kwenye simu, kipi kibaki wodini

Ndugu uliyeuliza kama fakilte (kitivo) ya udaktari hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, inaweza kuendelea na masomo tukifungiwa tena kama Machi 2020 wakati wa korona: inaweza, ila isijaribu kuingiza kila kitu kwenye simu. Nadharia inahama bila taabu kubwa. Kazi ya mikono haihami, na hiyo ndiyo inayotengeneza daktari.

Kwa nadharia, achana na video ya moja kwa moja. Saa moja inakula megabaiti mia kadhaa, na umeme ukikatika katikati nusu ya promosyo (wanafunzi wa mwaka mmoja) inapotea. Profesa arekodi sauti tu, vipande vya dakika 15 hadi 20, kilobiti 32 kwa sekunde: dakika 20 hazifiki megabaiti 5. Slaidi ziende pembeni kama PDF. Kila anapogeuza ataje namba ya slaidi, la sivyo mwanafunzi aliye Kalehe ataangalia picha ya figo huku akisikia habari za ini. Walio kisiwani Idjwi au vijijini bila mtandao watumiwe kadi ya kumbukumbu kwa boti au gari, na maswali yao yarudi kwa maandishi.

Sauti za moyo zina shida yake. Nyingi ziko chini ya hezi 150, na spika ya simu haiwezi kuzitoa. Mwanafunzi anasema hasikii sauti ya tatu ya moyo, nanyi mnadhani hajui. Asikilize kwa visikizi vya masikioni. Faili itumwe kama hati, isirekodiwe upya kwa ujumbe wa sauti, maana simu huichukulia kama kelele na kuipunguza.

Sasa staji, yaani mazoezi ya hospitalini, na hapa ndipo pa kutumia akili na pesa. Kuwafukuza stajieri (wanafunzi walio kwenye staji) wote wodini ni rahisi kwa wakubwa, lakini miezi ile hairudi. Mduara wa watu 12 kwenye kitanda kimoja uvunjwe, wabaki watatu na daktari wao mmoja, wodi ileile, bila kuchanganyika na kikundi kingine. Akiugua mmoja, mnatenga watatu. Urefu wa zamu ufuate muda ambao ugonjwa hujificha mwilini: korona hadi siku 14, Ebola siku 2 hadi 21. Kwa korona, basi, wiki mbili wodini na wiki mbili nje zinakaa vizuri. Historia ya mgonjwa isomwe na kujadiliwa barazani penye hewa. Kando ya kitanda dakika 10, za kupima tu.

Jambo linalosahaulika ni barakoa na glavu za stajieri. Hawamo kwenye orodha ya wafanyakazi, kwa hiyo makasha yakigawanywa wao hukosa. Fakilte na hospitali waandikiane kabla: siku isiyo na vifaa, hakuna zamu. Kumwingiza mtoto wa watu mikono mitupu ni dhuluma.

Kuvua vifaa kunaambukiza kuliko kuvaa, kwa hiyo kufundishwe kwa vitendo. Paka glavu rangi ya chakula iliyochanganywa na gliserini, kisha stajieri avue: glavu, gauni, halafu akiwa nje ya chumba miwani, barakoa mwisho akishika kamba tu, mikono ikisafishwa kila hatua. Mkague vifundo vya mikono, shingo na sikio. Rangi ikionekana, arudie.

Klorini: kijiko kimoja cha supu, kilichosawazishwa, cha HTH (unga wa klorini) ya asilimia 70 (kama gramu 15) katika lita 20 za maji kinatoa asilimia 0,05 ya kunawia mikono. Vijiko 10 katika maji hayohayo vinatoa asilimia 0,5 ya kusafishia sakafu na vifaa. Tengenezeni kila asubuhi na kufunika, jua huiua.

Mtihani wa nadharia uwe wa visa vya wagonjwa, vitabu wazi, muda wa saa 24, maana kuvizia wanaonakili kupitia kamera ni kupoteza mega za watu. Wa vitendo ubaki wa ana kwa ana: vituo vya dakika 8, umbali wa mita 2, wanafunzi wakiingia kwa saa tofauti. Kituo cha kuvua vifaa kiwe cha lazima. Anayekishindwa harudi wodini mpaka akipite, hata kama vingine vyote amefaulu.