Barua kwa mwanangu: dawa na vita

Mwanangu,

Barua yako nimeipata, na wote huku hatujambo. Unauliza kama ni kweli wasemavyo wenzako kazini, kwamba bila vita tiba isingefika ilipofika. Nusu yake ni kweli, na ndiyo maana inawaponyoka wengi.

Tuanze na penisilini, maana ndiyo wanayoikimbilia. Alexander Fleming aliigundua London mwaka 1928, wakati wa amani, kisha ikakaa miaka bila kushughulikiwa sana. Walioifufua ni Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley, kule Oxford. Mei 1940 waliwadunga panya wanane vijidudu vya kuua. Kufikia alfajiri, wanne ambao hawakupewa dawa walikuwa wamekufa. Wanne waliopewa walikuwa hai. Mwaka uliofuata wakamtibu polisi mmoja aliyejaa majipu usoni, jicho moja limeshang'olewa. Akaanza kupata nafuu, lakini dawa ilikuwa haba mno hata wakawa wanakusanya mkojo wake ili waichuje na kumdunga tena. Ilipokwisha, ugonjwa ukarudi, akafa.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia viliingia hapo, na havikuleta wazo. Vilileta fedha na haraka. Marekani ikaingiza viwanda vyake, maabara ya mji wa Peoria huko huko ikapata kwenye tikiti bovu aina ya ukungu inayotoa penisilini kwa wingi, na majeshi yalipotua Normandy, Ufaransa, mwaka 1944 dawa ilikuwepo ya kutosha. Fedha hizo zingeweza kutolewa mapema kwa ajili ya wazazi waliokuwa wakifa kwa homa ya uzazi. Hazikutolewa.

Utasikia pia habari ya Bari, Italia. Desemba 2, 1943 ndege za Ujerumani zilipiga bandari ile, na meli ya Kimarekani, John Harvey, ilikuwa imebeba kwa siri mabomu ya gesi ya haradali, sumu ya kivita. Mabaharia waliopolewa majini wamelowa mafuta yaliyochanganyika na sumu. Wauguzi hawakuambiwa kitu, wakawafunika mablanketi, nguo zilezile zikiwa mwilini. Daktari Stewart Alexander, aliyetumwa kuchunguza, alikuta seli nyeupe za damu zimeporomoka. Sumu inayoua seli hizo huenda ikaua na seli za saratani, kwa hiyo taarifa yake iliwapa nguvu waliokuwa wakitafuta dawa ya saratani kwa kemikali za jamii hiyo, ingawa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walikuwa wameshaijaribu kwa mgonjwa mwaka mmoja kabla. Na kuporomoka huko kwa seli kulikuwa kumeshaandikwa mwaka 1919! Ushahidi ulikuwepo, walioutafuta ndio hawakuwepo.

Linaloniudhi zaidi ni jinsi vita vinavyochagua mgonjwa. Mwaka 1967 China ilianzisha Mradi 523, wa siri, kwa sababu malaria ilikuwa ikiwaangusha askari wa mshirika wake vitani, Vietnam Kaskazini. Ndani ya mradi huo mtafiti Tu Youyou alirejea maandishi ya tabibu Ge Hong, ya karne ya 4, yaliyoagiza mmea ulowekwe majini na kukamuliwa. Maandishi hayakutaja kuchemsha, naye akahisi kwamba moto ndio unaoharibu dawa. Akaikamua kwa etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, bila joto kali. Tukapata artemisinini, dawa ya malaria, naye akapata Nobel mwaka 2015. Naishukuru kazi yake. Lakini malaria ilikuwa ikizika watoto miaka yote hiyo, na amri ile ya haraka ilitoka kwa ajili ya askari.

Kuhusu Kikosi 731 cha jeshi la Wajapani, kilichofanya majaribio kwa watu karibu na Harbin, China, sitaandika mengi. Walipasua watu wakiwa hai, na baada ya vita Marekani haikuwashtaki wakuu wa kikosi hicho, ili ipewe matokeo ya majaribio yao. Madaktari wa Kinazi walishtakiwa Nuremberg, na hukumu ya mwaka 1947 ikaja na kanuni kumi, ya kwanza ikiwa ridhaa ya anayefanyiwa jaribio. Wenzako wakisema basi angalau vita vilitupa kanuni hiyo, waambie Ujerumani yenyewe ilikuwa na mwongozo wa mwaka 1931 uliodai ridhaa hiyohiyo.

Wasalimie wajukuu zangu.

Mama yako