Anatembea, lakini huzuni imezidi

SWALI: Shikamoo daktari. Mume wangu alipata kiharusi mwaka jana. Sasa anafika mwenyewe soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, lakini biashara ya dagaa haitaki tena na usiku halali. Mbona huzuni imekuja baada ya nafuu?

JIBU: Marahaba mama, pole sana. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kali, humpata karibu mtu 1 kati ya 3 waliougua kiharusi. Wengi huanza miezi ya mwanzo. Wengine baadaye, wakishaona kazi ya zamani haiwezekani. Huweza kuisha, kisha ikarudi. Hadeki huyo, anaumwa, na inatibika. Mpeleke hospitali ya Bugando, kliniki ya afya ya akili, na dawa za presha asiache. Muulize waziwazi kama anawaza kufa; kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akisema ndiyo, msimwache peke yake, mleteni siku hiyohiyo.