Barua kwa mwanangu aliye kambi ya wanamaji ya Mtongwe

Mwanangu,

Swali lako nimelipata. Umesoma habari za Admirali Laxminarayan Ramdas wa India, unaniuliza: kama kweli alichukia bomu la nyuklia, mbona alingoja pensheni ianze kuingia ndipo apaze sauti?

Lina makali, na mahali pamoja sina la kumtetea. India ilifanya jaribio lake la kwanza la nyuklia 1974, naye yumo ndani ya magwanda.

Lakini usimdhanie mtu wa domo tu. Desemba 1971 ndiye aliyekuwa kamanda wa INS Beas, mojawapo ya manowari zilizoisindikiza Vikrant, ile ya kubeba ndege, kule Ghuba ya Bengal. Waliifunga bahari, majeshi ya Pakistan yaliyokuwa Bangladesh ya leo yakakosa pa kutokea. Vita vilikwisha kwa siku 13. Ramdas akavishwa Vir Chakra, nishani ya ushujaa vitani. Na baadaye, ajabu ya Mungu, binti yake akaolewa na Mpakistani.

Alikuwa mkuu wa jeshi la wanamaji kuanzia 1990 hadi 1993. Kabla yake, mwanamke katika jeshi hilo alikuwa daktari au muuguzi, basi. Mwaka 1992 mlango ukafunguliwa, wakaanza kuingia maofisa wa kike katika sheria, ugavi na elimu. Wewe unayevaa sare hiyo nyeupe, hapo usipapite mbio. Wengine husema wakiwa nje. Kuna mambo hufanyika ndani tu.

Alipostaafu alihamia shambani, kijiji cha Bhaimala karibu na Alibag, ng'ambo ya maji kutoka Mumbai. Mei 1998 India na Pakistan zikajaribu mabomu wiki chache mfululizo, watu wakacheza barabarani. Yeye akapinga hadharani, akashirikiana na Wapakistani waliopinga kwao. Tuzo ya Magsaysay ya 2004, ile itolewayo Ufilipino, aliipokea pamoja na mmoja wao, Ibn Abdur Rehman. Siasa hazikumkalia vizuri: chama cha Aam Aadmi kilimpa kazi ya kukichunguza chenyewe, na 2015 kikamwondoa.

Ninayempendea zaidi ni ya 2019, ana miaka 85. Waziri Mkuu Modi alidai kwenye kampeni kwamba Rajiv Gandhi, alipokuwa waziri mkuu, aliifanya manowari Viraat kama teksi ya familia, kwenda nayo likizo visiwa vya Lakshadweep mwishoni mwa 1987. Mzee Ramdas wakati ule ndiye aliyekuwa mkuu wa kamandi ya kusini ya wanamaji, Kochi. Akaandika: ilikuwa safari ya kikazi, nilikuwemo melini; akataja na nani alikuwepo na nani hakuwepo. Hapo pensheni haikumnunulia chochote zaidi ya matusi.

Sasa nami nikwambie langu, maana swali lako limenigusa pabaya. Kwenye meli moja niliyofanyia kazi, mashua za kuokolea maisha zilikuwa zimegandana na winchi kwa kutu. Tulizipaka rangi juu ya kutu, mkaguzi akapita, nikanyamaza. Nilikuwa na karo yako. Barua kwa wenye meli niliiandika miezi mitatu baada ya kushuka, mshahara wote ukiwa mfukoni. Nakala ninayo, imo sandukuni chini ya pasipoti za zamani. Jumamosi ukipata ruhusa, vuka feri uje uisome.

Babako