Maswali ya Wasomaji: Halloween ya watoto na sinema ya nje mjini

Wasomaji wetu walioko Marekani wanauliza kuhusu tarehe 31 Oktoba, siku ya Halloween. Siku hiyo, katika baadhi ya miji, mitaa ya katikati hufungwa, watoto hupita duka kwa duka wakigawiwa pipi wakiwa wamevaa mavazi ya kuigiza, na giza likiingia filamu huonyeshwa hadharani. Tumechagua barua tano. Jibu la vifaa ni refu kuliko mengine kwa sababu huko ndiko shughuli nyingi zinakoharibikia.

Nina watoto wa miaka 4, 7 na 11. Tumehamia Brooklyn Park, Minnesota, na majirani wanasema tuwapeleke Anoka. Kuna nini huko, na nijiandae vipi? – Mama wa watatu

Majirani wamekuelekeza vizuri, mama. Anoka ni mji mdogo kaskazini ya Minneapolis, pale mto Rum unapoingia Mississippi, na hujiita makao makuu ya Halloween duniani. Gwaride lao la kwanza lilikuwa mwaka 1920. Lilianzishwa na wazee wa mji waliochoshwa na vijana ambao usiku huo walizoea kufungulia ng'ombe wazurure barabara kuu na kupaka sabuni madirisha ya maduka. Badala ya kuwafukuza kwa polisi, wakawapa shughuli na chakula. Ndiyo maana mpaka leo sherehe hiyo ni ya familia zaidi kuliko ya kutishana.

Adui wako ni baridi. Mwaka 1991 theluji ilianza kuanguka Minnesota siku hiyohiyo ya Halloween, na Minneapolis ikapata zaidi ya inchi 28 kabla haijakoma. Hiyo ni nadra, lakini jioni ya kukaribia kuganda ni ya kawaida kabisa. Nunua vazi lenye ukubwa wa saizi moja au mbili zaidi, koti liingie ndani yake. Mtoto akivaa koti juu ya vazi, vazi halionekani, naye atalivua koti ukigeuza kichwa. Ndani ya gari fanya kinyume: mfunge mkanda wa kiti chake bila koti nene, kwa sababu koti hubonyea wakati wa ajali na mkanda unabaki umelegea.

Barakoa achana nazo. Zinaziba macho pembeni, na mtoto wa miaka minne hataona gari wala ngazi. Rangi za uso zinatosha, mradi uzijaribu mkononi siku moja kabla kuona kama zitamwasha. Lenzi za macho za rangi zinazouzwa bila cheti cha daktari ni haramu kwa sheria ya Marekani na huchubua jicho; huyo wa miaka 11 akiomba, mkatalie. Bandika utepe unaong'aa mgongoni na kwenye mfuko wa pipi. Utafiti wa ajali za Marekani kuanzia 1975 hadi 2016 ulikuta kwamba hatari ya mtembea kwa miguu kufa kwa kugongwa jioni ya Halloween ilikuwa juu kwa asilimia 43 kuliko jioni nyingine za karibu na siku hiyo, na watoto wa miaka 4 hadi 8 ndio waliozidiwa zaidi. Kwa hiyo mtaa uliofungwa magari ni salama, ila safari ya kutoka maegesho hadi mtaani ndiyo ya kushikana mikono. Andika namba yako ya simu kwa kalamu ndani ya mkono wa kila mtoto, na mkubaliane mahali pa kukutana, pawe kitu kisichohama, kama mnara au kona ya benki.

Chama chetu cha Wakenya hapa Lowell, Massachusetts, kimepewa kona ya maegesho mjini. Tunataka kuonyesha filamu bure. Je, tutumie akaunti yangu ya Netflix? – Katibu

Hapana, bwana katibu, hata kama hakuna kiingilio. Akaunti hiyo, kama ilivyo diski uliyonunua dukani, inakuruhusu kutazama nyumbani. Kukusanya umma ni onyesho la hadharani na linahitaji leseni. Fidia anayoweza kutozwa aliyevunja hakimiliki, kwa sheria ya Marekani, huanzia dola 750 hadi 30,000 kwa filamu moja, na akionekana amekusudia yaweza kufika 150,000. Leseni huombwa kwa mawakala kama Swank Motion Pictures. Watakuuliza jina la filamu, tarehe, mahali, idadi ya watu na kama kuna kiingilio. Ombeni wiki sita kabla, na msichapishe bango lenye jina la filamu mpaka mruhusiwe kwa maandishi. Leseni nyingine zina masharti kuhusu matangazo.

Njia ya bei nafuu ni filamu ambazo hakimiliki yake imekwisha. Zilizochapishwa Marekani mwaka 1929 ziliingia mikononi mwa umma tarehe 1 Januari 2025, ikiwemo katuni ya Walt Disney ya mifupa inayocheza, *The Skeleton Dance*, ya dakika zisizozidi sita. Ipo pia *The Haunted House* ya Buster Keaton ya mwaka 1921, vichekesho vya kimya vya dakika ishirini na kidogo. Hizi mbili zinatufaa zaidi kuliko filamu ndefu: bibi asiyejua Kiingereza anacheka pamoja na mjukuu, na hakuna mtoto atakayelala katikati. Angalieni jambo moja. Filamu ya kimya yaweza kuwa huru huku muziki uliowekwa juu yake miaka ya karibuni una mwenyewe. Tafuteni nakala isiyo na sauti, mpigaji kinanda wa kanisani au mpiga ngoma wenu afuatishe picha. Na msidhani kila filamu huru ni ya watoto. *Night of the Living Dead* ya 1968 ni huru kwa sababu tangazo la hakimiliki lilisahaulika jina la filamu lilipobadilishwa, lakini si ya kuonyesha mbele ya mtoto wa miaka sita.

Ni vifaa gani tutafute, na tupange vipi uwanja wa watu 80 hivi? – Katibu huyohuyo

Anza na jua. Tarehe 31 Oktoba linazama Lowell karibu saa 11:40 jioni, na picha husomeka vizuri nusu saa baadaye. Pipi na gwaride la mavazi ziwe kuanzia saa 10, filamu ianze saa 12:15, watoto wawe nyumbani kabla ya saa 2. Kwenye ujumbe wa WhatsApp andikeni pia 6:15 PM, maana vijana waliozaliwa huko wakisoma saa 12 watakuja mchana.

Skrini ya upana wa futi 12 inatosha. Kimo chake ni futi 6 na robo tatu, na mtazamaji wa nyuma kabisa asizidi mara sita ya kimo hicho, yaani futi 40. Ukuta mweupe usio na madirisha ni bora kuliko skrini yoyote ya kununua, kwa kuwa upepo hauutikisi. Shuka hugeuka tanga, na skrini ya kujazwa hewa inahitaji feni iwake muda wote pamoja na kamba nne zilizofungwa kwenye mizigo mizito, kwani kwenye lami huwezi kupigilia vigingi.

Mwanga wa projekta hupimwa kwa lumeni. Gawanya lumeni kwa eneo la skrini kwa futi za mraba. Futi 12 kwa 6.75 ni 81. Lumeni 3,000 zikigawanywa zinatoa 37. Ndani ya jumba la sinema lenye giza 16 inatosha, lakini chini ya taa za barabarani lenga 30 kwenda juu. Soma kama sanduku limeandikwa lumeni za ANSI, yaani zilizopimwa kwa kanuni rasmi ya Marekani. Projekta ndogo za bei ya chini zinazotangaza lumeni 9,000 bila neno hilo hukuachia picha ya kijivu. Umbali wa kuiweka ni upana wa skrini mara uwiano wa lenzi ulioandikwa kwenye kitabu chake: uwiano ukiwa 1.5, weka projekta futi 18 kutoka ukutani. Iwe juu ya meza yenye kimo kirefu, la sivyo kila anayekwenda chooni atapita kama kivuli ukutani.

Sasa umeme, ambao ndio unaovunja sherehe. Sakiti, yaani nyaya zote zinazolindwa na swichi moja ya usalama (breka), ikiwa ya kawaida ya amperi 15 kwa volti 120 ina wati 1,800, na kwa mzigo wa saa kadhaa usipite 1,440. Projekta hula 300 hivi, spika mbili 400, feni ya skrini mamia kadhaa. Mashine ya bisi peke yake hula zaidi ya 1,000. Ikiwekwa kwenye sakiti ileile, punje zinapoanza kupasuka breka inaruka, projekta inazimika ikiwa bado ya moto, na skrini ya hewa inawaangukia waliokaa mbele. Soketi mbili za ukuta mmoja mara nyingi ni sakiti moja, kwa hiyo msizihesabu kama mbili. Mwulizeni mwenye jengo, kisha siku moja kabla washeni kila kitu kwa pamoja kwa dakika 20. Waya wa kuongezea wa futi 100 uwe wa geji 12; namba ikipanda waya unakuwa mwembamba. Ukunjueni wote, kwa sababu uliobaki umeviringwa hupata moto, na ufunikeni kwa mkeka mzito mahali watoto wenye majoho marefu wanapopita.

Sauti msiipeleke kwa Bluetooth. Huchelewa kidogo, midomo na maneno vikaachana. Kompyuta ikae kando ya projekta, kwa sababu kebo ya HDMI, ile inayopeleka picha, ikiwa ya kawaida na ikizidi futi 25 picha huanza kukatika. Waya mrefu uwe wa sauti, uende mbele kwenye spika zilizo kulia na kushoto kwa skrini. Filamu iwe ndani ya kompyuta, maana mtandao wa simu hulemewa watu wakijaa. Zima taarifa za ujumbe pia; si kila kinachoandikwa na shemeji kinafaa kusomwa na watu 80.

Projekta nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kuanzia nyuzi 5 za Selsiasi. Itunzeni ndani ya gari lenye joto, iwashwe dakika 20 kabla. Baadaye, ikifika nyumbani iacheni ndani ya mfuko mpaka ipate joto la chumba, la sivyo itatoa jasho ndani na kuharibika.

Mjukuu wangu wa miaka 9 alikulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, lakini wakati wa vita Kongo alikuwa na mama yake. Shule imewaalika Halloween mjini Louisville. Nimpeleke? Na upande wa dini je? – Bibi

Shikamoo, Bibi. Mpeleke mchana, umwondoe kabla ya usiku kukolea. Kinachosumbua watoto waliopitia vita si maboga wala mizimu ya karatasi. Ni milipuko ya ghafla, misumeno inayonguruma, damu ya bandia na mtu aliyejifunika uso akimrukia kutoka nyuma. Hivyo vyote huwekwa kwenye nyumba za kutisha, ambazo huwa na mlango wake na foleni yake, kwa hiyo ni rahisi kuzikwepa ukiuliza mapema ziko wapi. Mwombe mwalimu akueleze ratiba, ikiwemo kama kuna fataki. Siku chache kabla, mwonyeshe mtu akivaa barakoa na kuivua, taratibu, mchana, yeye mwenyewe aishike. Kwenye filamu kaeni ukingoni mwa safu. Akitaka kuondoka, ondokeni saa hiyohiyo bila kumshawishi. Usiku akipata jinamizi mfululizo, zungumza na daktari wake au ofisi iliyowapokea. Huwa wanajua wanasaikolojia wenye mkalimani wa Kiswahili.

Kuhusu dini, uliyouliza mwishoni, hakuna anayelazimishwa. Shule nyingi humruhusu mtoto kukaa pembeni mzazi akiandika barua. Makanisa mengi usiku huo huwaalika watoto kwenye maegesho yao, buti za magari zikiwa wazi na pipi ndani, bila mizimu. Walutheri wana sababu yao ya kukumbuka tarehe hiyo, tangu hoja za Martin Luther za 1517. Kwa familia za Kiislamu tatizo la kwanza ni pipi za kutafuna na zile laini kama sponji, ambazo mara nyingi zina jelatini ya nguruwe.

Duka letu litagawa pipi na bisi. Ninunue kiasi gani, na watoto wenye mzio? – Mwenye duka, Lowell

Mtoto mmoja kila sekunde 20 hadi 30 ni watoto 120 hadi 180 kwa saa. Kwa saa mbili nunua vipande 360, kimoja kwa kila mtoto, na uvigawe wewe mwenyewe. Bakuli lililoachwa mezani humalizwa na kumi wa kwanza. Kilo moja ya mahindi ya bisi inatosha watoto 70 hivi wakipewa vikombe viwili kila mmoja. Walio chini ya miaka minne usiwape bisi wala pipi ngumu, kwa sababu huwakaba koo.

Boga lililopakwa rangi ya samawati-kijani nje ya duka maana yake una zawadi zisizoliwa, kama stika, kalamu au vijiti vya kung'aa, kwa watoto wenye mzio. Ziwe kwenye bakuli la peke yake, zisigusane na chokoleti ya karanga. Tunza mfuko mkubwa wenye orodha ya viambato ili mzazi akiuliza umwonyeshe, maana kipande kidogo mara nyingi hakina maandishi, na chaweza kuwa kimetengenezwa tofauti na kile kikubwa anachokijua.