Ukingo gani humeguka haraka kwenye kaunta ya jiwe

Ukingo wenye pembe kali ndio humeguka haraka, si wa mviringo. Jiwe ni gumu lakini halinepi, kwa hiyo sufuria ikigonga kona kali, nguvu yote inaishia pale padogo na kipande kinaruka. Nimeziba vidonda hivyo mara nyingi kazini, na vingi huwa mbele ya sinki, mahali vyombo vinapogongwa kila siku.

Si lazima uende mviringo kamili, lakini. Mwambie fundi alainishe pembe kwa milimita 3 hivi, kaunta itabaki na ile sura ya mraba unayoipenda. Tena mviringo kamili wa juu mpaka chini una kasoro yake: maji hufuata mkunjo na kurudi chini ya jiwe hadi kwenye kabati. Ukingo wa mviringo juu tu huyaacha yadondoke sakafuni. Zile nakshi za mawimbi mimi sizitaki jikoni, uchafu hukaa kwenye mfereji na bei inapanda. Kama ni marumaru, pembe kali usiichague kabisa. Marumaru ni laini kuliko granaiti.