Makundi ya vyakula wanayataja yote, mbona mtoto bado anakula uji mtupu?

SWALI: Kamwene mtaalamu. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Kilolo mkoani Iringa. Kila Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji tunafundisha makundi ya vyakula, na akina mama wanayataja bila kukosea. Ukiwafuata nyumbani, mtoto wa miezi tisa anakula uji mtupu wa mahindi. Semina moja ilituelekeza tuwaonyeshe picha za kutisha, kisha tuwape zoezi la siku 21 mpaka tabia ijengeke. Tumefanya hivyo na hakuna kilichobadilika. Tunakosea wapi?

JIBU: Mnawafundisha watu waliokwishajua. Siku mama alipotaja makundi yote, somo liliisha. Lakini nenda kikao chochote cha lishe, azimio ni lile lile: elimu iendelee kutolewa. Utafiti wa kitaifa wa 2022 uliikuta Iringa na udumavu, yaani ufupi usiolingana na umri, wa asilimia 56.9 kwa watoto wa chini ya miaka mitano, wakati wastani wa nchi ulikuwa 30. Na huu ni mkoa unaolima mahindi na maharage hadi ya kuuza.

Mwanasaikolojia Susan Michie na wenzake walieleza mwaka 2011 kwamba tabia inataka vitu vitatu: uwezo, nafasi na msukumo. Elimu inagusa uwezo, tena kwa sehemu tu. Sasa ingia kwenye nyumba moja msimu wa palizi. Mama ameondoka alfajiri. Mtoto kaachiwa dada yake wa miaka minane, uji uko kwenye chupa ya chai. Mtoto wa miezi tisa anataka milo mitatu hadi minne kwa siku, kila mlo nusu ya kikombe cha mililita 250, mbali na kunyonya. Yule dada atalisha mara moja, basi, aende kucheza. Mayai yapo, ila baba ameyaweka ya kuuza. Maharage yapo, bibi anasema yatamjaza mtoto gesi. Hapo kipeperushi kitamsaidia nani? Mwenye kuzungumza na baba azungumze na baba, na bibi aitwe aonje maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda.

Picha za kutisha ndizo zinazoniudhi zaidi. Hofu humsukuma mtu pale tu anapoamini kwamba njia ipo na yeye anaiweza. Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika juu ya imani hiyo ya kuweza tangu 1977, na mtafiti wa mawasiliano Kim Witte akaionyesha upande wa hofu mwaka 1992. Ukimtisha asiyeiona njia, atajikinga kwa maneno: "Ukoo wetu ndivyo ulivyo, wafupi." Akishasema hivyo, umempoteza.

Na hizo siku 21? Zilitokana na Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, aliyeandika mwaka 1960 kuhusu muda ambao wagonjwa wake walichukua kuzoea sura mpya. Mambo ya sura, si ya jikoni. Phillippa Lally na wenzake walipofuatilia tabia ndogo ndogo kama kunywa maji wakati wa chakula, katika utafiti uliochapishwa 2010, muda wa kati ulikuwa siku 66, na makadirio yalitoka 18 hadi 254. Mama aliyeambiwa 21 akifika ya 22 bado anasahau, anajiona mzembe, anaacha.

Chagua kitendo kimoja, ukifunge kwenye jambo analolifanya kila siku. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ndiye aliyeipima sana mbinu hii. Mama aseme kwa kinywa chake: "Uji ukianza kuchemka, natia vijiko viwili vya karanga." Karanga zikaangwe, zenye ukungu zitupwe, zisagwe laini mtoto asipaliwe. Afanye kwa mikono yake mbele yako, kwa sufuria yake. Ukirudi usimuulize kama anafanya, maana atakujibu ndiyo. Muulize ni siku gani ilishindikana na kulikuwa na nini, halafu rekebisheni hapo.

Haya si ya lishe peke yake. Kwenye ARV, vyandarua, kunawa mikono, pombe, wapo wahamasishaji wanaouza "mabadiliko ya tabia" ya siku mbili, posho na vitafunwa juu. Mkialikwa tena, muulizeni mwezeshaji atapima nini. Akisema mtihani wa mwisho wa semina, mwambieni ninyi mnapima vyakula alivyokula mtoto tangu jana asubuhi, angalau makundi matano kati ya manane yanayotumika kupimia mlo wa mtoto mdogo, maziwa ya mama yakiwemo.