Unaingia kukagua kipindi cha mwalimu mwenzako: utazame nini?

Ndugu, hongera kwa kukabidhiwa taaluma, yaani kusimamia ufundishaji shuleni kwenu. Umeuliza fomu ya kukagulia vipindi iwe na vipengele gani, na kama umpe mwalimu maksi. Mimi nafundisha hisabati shule ya msingi na nimelea walimu wengi wa BTP (wanachuo wanaokuja shuleni kwa mazoezi ya kufundisha), kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona.

Azimio la kazi (mpango wa mada), andalio la somo (mpango wa kipindi kimoja) na shajara (kumbukumbu ya yaliyofundishwa) vikague ofisini, umalizane navyo hukohuko. Andalio linanakilika. Nimeona andalio la mwandiko wa kupendeza, mwenyewe yuko darasani ananukuu kitabu ubaoni mwanzo mwisho, mgongo kwa wanafunzi. Sauti nzuri na ucheshi navyo visikuteke.

Kitu ninachokitafuta kwanza ni namna anavyolipokea jibu lililokosewa. Mtoto kajumlisha nusu na theluthi, kapata 2/5. Kuna mwalimu atasema "Hapana, mwingine!" mpaka ampate anayejua, na wote tutaona kipindi kimeenda vizuri. Kuna mwingine atauliza, "Umepataje?" Mtoto ataeleza: kiasi (namba ya juu) kajumlisha na kiasi, asili (ya chini) na asili. Mwalimu anamrudishia: "Ulikuwa na nusu, ukaongezewa theluthi, sasa unabaki na pungufu ya nusu?" Hapo hata waliokuwa wanasinzia wanainua vichwa. Swali kama hilo huliandiki kwenye andalio. Analiuliza mtu anayelimudu somo na anayejua watoto huteleza wapi. Ujuzi huo naupa uzito kuliko mwingine wowote, na fomu nyingi nilizokutana nazo hazina hata mstari wake.

Halafu uulizaji. "Mmeelewa?" "Ndiyooo!" hiyo si tathmini, ni kwaya. Chora ramani ya madawati kwenye karatasi, weka vema kila mtoto anapoulizwa, kipindi kikiisha mwonyeshe mwalimu mwenyewe. Mara nyingi vema zimejazana mbele, nyuma peupe. Ndiyo, darasa lililofurika huwezi kulimaliza lote kwa dakika 40, ila kesho aanzie nyuma. Angalia pia anasubiri kiasi gani baada ya kuuliza. Mtafiti Mmarekani, Mary Budd Rowe, alilichunguza hili miaka ya 1970 akakuta walimu husubiri kama sekunde moja tu. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka na waliozoea kukaa kimya wakaanza kujibu.

Daftari chukua za wanaokaa nyuma. Usihesabu vema na kosa, tazama masahihisho: kosa la wiki iliyopita limekwisha au linajirudia? Nidhamu na matumizi ya muda utayaona bila kuyatafuta.

Ingia kwa taarifa, na zaidi ya mara moja. Ukishtukiza utakagua hofu yake, si ufundishaji wake. Mkae siku hiyohiyo, aanze yeye kusema, mkubaliane jambo moja la kurekebisha. Ukimtajia kumi hatashika hata moja.

Maksi mimi sitoi. Ukiandika 62 ataisoma namba na kuyaacha maelezo, na kabla ya chai ofisi nzima ya walimu inajua nani kapata ngapi. Kama mwalimu mkuu anataka namba za kuweka kwenye faili, zitoe mwisho wa muhula, ukishaingia vipindi kadhaa vya mada tofauti.